Majirani Waingie Kwanza

Verna Jaftha alikuwa na desturi moja iliyowachekesha madalali wenzake wa nyumba pale Cape Town. Kila alipokabidhiwa nyumba ya kuuza, kabla tangazo halijatoka gazetini na kabla bango halijasimamishwa uani, alichukua rundo la karatasi za mwaliko wa kuja kuitazama akapita nazo mlango kwa mlango katika mtaa ule. Wanunuzi wangejileta wenyewe. Yeye aliwaalika majirani, watu wenye nyumba zao tayari, ambao wangekuja na kandambili, wafungue makabati, wapapase mapazia, wanywe chai, kisha warudi makwao bila kununua hata kitasa.

"Unalisha wambea, Verna," mwenzake mmoja ofisini alizoea kumtania.

"Nalisha midomo inayonifanyia kazi bure," Verna alimjibu.

Akili hiyo hakuzaliwa nayo. Mwaka wake wa kwanza katika udalali, Jumapili moja alisimama mlangoni mwa nyumba huko Maitland, amevaa suti ya kuazima, akamzuia mama mmoja mzee wa nyumba ya pili aliyekuja na ndara za nyumbani. "Samahani mama, leo ni ya wanunuzi tu." Yule mama aligeuka akarudi kwake. Nyumba ile ikakaa miezi mitano bila mtu kuitaka. Mwezi wa sita nyumba ya kando yake ikauzwa na dalali mwingine kwa siku nne, na mnunuzi akawa shemeji yake yule mama, mtu wa Paarl, aliyekuwa akitafutiwa nyumba katika mtaa uleule kwa miaka miwili. Verna alipopata habari alijifungia ndani ya gari lake akajitukana mpaka sauti ikamkauka.

Tangu siku hiyo alijua jirani ni nani. Jirani ndiye anayejua binti wa fulani anaolewa mwezi ujao na hana pa kuishi, na ndiye mwenye shangazi aliyechoka na ngazi za ghorofa. Mnunuzi akimuuliza pembeni, "Hapa usiku pakoje?" jibu lake linauza nyumba au linaiua. Tena siku moja jirani mwenyewe atazeeka, atataka kuuza, na atamkumbuka dalali aliyemkaribisha chai siku ile hakuwa na faida yoyote kwake.

Basi mwezi wa Machi mwaka 2013 alipigiwa simu kuhusu nyumba ya marehemu Anti Sybil Arendse, Barabara ya Kumi na Moja, Kensington. Aliyepiga ni mtoto wa pekee wa marehemu, Trevor, injinia wa migodi aliyeishi Perth, Australia, kwa miaka ishirini na saba. Walikutana kwenye kibaraza cha nyumba. Alikuwa mtu mrefu, shingo imeungua kwa jua, na alisimama na funguo mkononi kama aliyekuja kusoma mita.

"Nina wiki tatu tu, Bi Jaftha. Nataka mambo ya haraka," alisema. "Na sitaki mtaa mzima ujae humu ndani. Nawajua hawa. Watakuja kuhesabu sufuria za mama."

"Siku ya kufungua nyumba kwa watazamaji, mwenyewe hakai," Verna alimwambia. "Nenda kwa binamu yako Strandfontein, upumzike. Mengine niachie mimi."

Hakumwahidi lolote kuhusu majirani, wala hakumwambia kwamba yeye na nyumba ile walifahamiana.

Verna alikulia Barabara ya Tisa, mwendo wa dakika nne kutoka pale. Siku zile simu katika eneo lote lile ilikuwa moja, nayo ilikuwa kwenye korido ya Anti Sybil, juu ya meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma. Mumewe alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani, na kampuni ilitaka impate wakati wowote mashine ikiharibika. Mume alifariki mapema, simu ikabaki, nayo ikawa ya kila mtu. Huko ndiko watu walikoitwa kupokea habari za ajira, za waliofungwa na za waliojifungua. Anti Sybil alifungua dirisha la mbele akaita jina, na jina likapokezanwa uani kwa uani mpaka likafika.

Verna alikuwa na miaka kumi na minne jina lake lilipoanza kuitwa. Dada yake mkubwa, Yvonne, alikuwa mweupe wa ngozi na laini wa nywele kuliko wote nyumbani kwao. Mwaka 1973, enzi za ubaguzi wa rangi, alipata karatasi za serikali zilizosema yeye ni Mzungu, akahamia Johannesburg, akaajiriwa katika duka la viatu na akachumbiwa na Mzungu. Baada ya hapo hakuweza tena kukanyaga Kensington, mtaa wa wasio Wazungu, wala wao kumtembelea. Kilichobaki kilikuwa simu, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Mama yake Verna hakuthubutu kwenda, aliogopa kulia mbele ya watu, kwa hiyo alimtuma Verna. Binti alikaa kwenye kigoda cha Anti Sybil, miguu haitulii, akisubiri kengele. Wakati mwingine simu ililia. Wakati mwingine Anti Sybil alimletea koeksista, lile andazi lililochovywa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi, akasema, "Kula, mwanangu. Laini zina shida leo." Miaka miwili baadaye Yvonne aliacha kupiga kabisa, na Anti Sybil akaendelea kusema laini zina shida mpaka Verna mwenyewe alipoacha kwenda.

Verna aliingiza mialiko arobaini chini ya milango arobaini.

Jumapili ikafika. Saa nane mchana alifungua madirisha, akatandaza biskuti na sambusa mezani jikoni, akawasha birika. Trevor alikuwa amemleta mpakarangi, na nyumba yote ilinukia rangi mpya ya maziwa. Mpaka saa tisa kasorobo walikuwa wamekuja wanunuzi wawili wawili mara mbili. Wa kwanza walitazama bafu wakanong'onezana, wakaondoka. Wa pili walikaa dakika sita.

Saa tisa kamili Verna alisikia miguu kwenye kibaraza. Alitoka akakuta watu kumi na sita wamesimama kwa pamoja, Waislamu na Wakristo, kinamama na vilemba na kofia zao, wazee wawili wenye fimbo. Mbele yao alikuwa Anti Gairo Salie wa nyumba ya mkabala, mwanamke mfupi wa miaka sabini na sita, ameshika bakuli lililofunikwa kwa taulo.

"Tumealikwa au tumeomba?" Anti Gairo aliuliza.

"Mmealikwa, Anti. Karibuni ndani."

"Mtoto wa Jaftha wewe. Wa Barabara ya Tisa. Miguu ileile ya korongo."

"Ndiyo mimi, Anti."

"Sasa umevaa viatu virefu ili iweje? Shika hili bakuli."

Waliingia. Walipita vyumbani polepole, kama watu walioingia kwa mgonjwa. Mmoja aligusa fremu ya mlango. Mwingine alifungua jiko la mkaa lililozimwa tangu zamani akalifunga tena. Anko Reggie Plaatjies, mjane wa nyumba ya kona, alikwenda moja kwa moja jikoni akaweka sambusa tatu kwenye leso.

"Dalali," alimwita Verna kwa sauti ya siri iliyosikika nyumba nzima, "hii mnaiuza ngapi?"

Verna alimtajia.

"Mungu wangu! Na ya kwangu ya kona, yenye gereji?"

"Yako zaidi kidogo, Anko."

"Mimi siuzi," alisema Anko Reggie upesi. "Naulizia tu nijue nalala ndani ya nini."

Watu wakacheka, na nyumba ikachangamka. Ndipo Anti Gairo aliposimama kwenye korido, akatazama kuta, na uso ukamshuka.

"Wamepaka," alisema. "Jamani, wamepaka ukuta wa simu."

Wenzake wakajazana pale. Verna hakuelewa mara moja, mpaka alipokumbuka. Ukutani, juu ya ile meza ndogo, Anti Sybil aliandika kwa penseli. Kila namba ya mtaa iliandikwa pale, kwa sababu daftari lilipotea kila wiki na ukuta haukupotea. Yalikuwepo majina, namba za kazini, za hospitali, za ndugu walio mbali.

"Lile kabati la makoti halikuwa pale," alisema mama mmoja. "Lilikuwa upande wa pili. Simu ilikuwa pale lilipo kabati."

Wakatazamana. Kabati lilikuwa la mti mzito, refu kufika darini. Anko Reggie alishika kona moja, mzee mwenzake akashika nyingine, kinamama wakasukuma kwa mabega. Verna alijua kazi yake ilimtaka awakataze. Sakafu ilikuwa imepigwa nta jana yake. Alivua viatu virefu naye akasukuma.

Mpakarangi alikuwa mvivu; alilihamishia kabati pale akapaka pembeni yake tu. Nyuma ya kabati ukuta ulibaki vilevile, kijani cha zamani kilichofifia, nao ulijaa maandishi ya penseli kutoka kimo cha kiuno hadi juu ya kichwa.

Hapo hawakuweza kunyamaza tena. "Huyo ni Moosa wangu, namba ya bandarini!" "Tazama, kiwanda cha kofia cha Salt River!" "Hii ni ya hospitali, usiku ule wa Bernadette." Mama mmoja alilia na kucheka kwa pamoja, akisema pale ndipo alipoambiwa kaka yake ameachiwa, na aliangusha simu akakimbia barabarani bila kuuliza ameachiwa wapi. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba hakuna aliyesikia gari likisimama.

Trevor alisimama mlangoni. Alikuwa amesahau chaja ya simu yake, ndiyo maana alirudi. Alitazama kabati lililovutwa katikati ya korido, michubuko sakafuni, umati wa wazee na makombo.

"Bi Jaftha," alisema taratibu, kwa hasira iliyobanwa. "Nilikuomba kitu kimoja tu."

Verna alifungua mdomo, lakini Anti Gairo alimtangulia.

"Usimkaripie mtoto wa watu. Tumekuja kwa sababu ni Jumapili saa tisa. Tungekuja hata asingetualika. Tungekaa pale nje kwenye ukuta wa bustani."

"Jumapili saa tisa kuna nini, Anti?"

Anti Gairo aliwatazama wenzake, kama anayeomba ruhusa. Hakuna aliyeitoa wala kuikataza.

"Wewe ulikuwa unapiga Jumapili saa tisa, Trevor. Ulipokwenda huko. Mama yako alioga, akavaa gauni la kanisani, akakaa hapa kwenye kigoda tangu saa saba. Ukishapiga, anafungua dirisha, 'Trevor amepiga! Trevor kapandishwa cheo!' Sisi wote tunajua ulikula nini Krismasi huko kwenu."

Trevor alitabasamu kidogo, bila kutaka.

"Halafu ukawa unapiga kwa mwezi mara moja. Sikulaumu, mwanangu, watoto wana maisha. Baadaye ikawa Krismasi na sikukuu yake ya kuzaliwa. Lakini yeye hakuacha kukaa. Hata ulipomnunulia ile simu ya mkononi alikaa nayo hapahapa koridoni, kwamba hapa ndipo inaposhika vizuri. Sasa mtu atakaaje peke yake na gauni la kanisani? Ndiyo tukaanza kuja. Mmoja analeta keki, mwingine maneno. Tukikaa mpaka saa kumi na moja, anasema, 'Haya, laini zina shida leo,' tunaosha vikombe, tunakwenda."

"Kila Jumapili?" Trevor aliuliza.

"Isipokuwa za mvua kubwa."

"Miaka mingapi?"

Anti Gairo alichukua lile bakuli lake, akalifunua. Zilikuwa koeksista, bado zina joto. Alimnyooshea Trevor, naye alichukua moja akabaki ameishika, shira ikimchuruzika kwenye kifundo cha mkono. Kisha akaingia jikoni, akaketi, na mtu mzima yule akalia kwa kwikwi. Kinamama hawakumfuata mara moja. Waliosha vikombe. Anko Reggie peke yake ndiye aliyevuta kiti kando yake, akakaa, na baada ya muda akampa ile leso, sambusa zimeshaliwa.

Tangazo lilisema nyumba itafungwa saa kumi na moja. Saa kumi na mbili na nusu bado Trevor alikuwa amesimama mbele ya ukuta, akinyoosha kidole kwa jina moja baada ya jingine, na wazee wakimwambia huyu alikuwa nani, aliolewa wapi, yuko hai au la. Verna alibaki pembeni. Namba ya Johannesburg aliiona mapema, chini karibu na kimo cha mtoto aliyekaa kwenye kigoda, na mbele yake herufi Y peke yake. Anti Sybil hakuandika jina zima. Siku zile jina zima lingeweza kumharibia mtu maisha.

Wakati wa kuagana, Anti Gairo alimvuta Verna mkono. "Yupo Ilhaam, mjukuu wa dada yangu. Nesi. Mumewe mwalimu. Wanaishi Mitchells Plain, lakini roho yake iko huku, bibi yake alikuwa wa mtaa huu. Nimpigie?"

"Mpigie, Anti."

"Nitampigia leo. Na nitamwambia bomba la bafuni linavuja, usije ukamficha."

"Sitamficha."

Jumatano Verna alikuwa na ofa mbili mezani, zote mbili kupitia midomo ya mtaa. Moja ya Ilhaam na mumewe. Nyingine ya mpwa wa mzee aliyesukuma kabati pamoja na Anko Reggie. Wale wanunuzi wa dakika sita hawakurudi tena. Zile ofa mbili zilishindana mpaka Ijumaa, na ya Ilhaam ikashinda, juu ya bei iliyotangazwa.

Trevor alikuja ofisini kutia saini. Alisoma karatasi, akazirudia, akaweka kalamu.

"Wewe uliwaalika kwa makusudi," alisema.

"Niliwaalika. Huwa nafanya hivyo kila nyumba. Ndivyo ninavyouza."

"Ulijua watakachoniambia?"

"Hapana. Nilijua watakuja, na wakija nyumba itauzika. Hayo mengine sikuyajua, na wewe hukutakiwa kuwepo." Kwa miaka yote hakuona aibu kufaidika na miguu ya majirani, lakini wiki ile nzima kitu kilimkereketa. "Kama nimekuumiza, nisamehe."

Trevor alitikisa kichwa. "Ningerudi Perth nikidhani mama alikufa akiwa mpweke. Au ningedhani hakuwa mpweke, sijui lipi baya zaidi." Akaichukua tena kalamu. "Anti Gairo ameniambia na wewe ulikuwa unakaa kwenye kile kigoda. Dada yako alirudi?"

"Alirudi. Mwaka tisini na tano, mambo yalipobadilika. Mama alishafariki. Tulikutana kwenye mgahawa Claremont, tukanywa chai kama abiria wawili waliokaa kiti kimoja. Aliniuliza kama koeksista za Anti Sybil bado zipo. Nikamwambia twende, ni dakika kumi na tano tu kwa gari."

"Akaenda?"

"Akasema siku nyingine. Sasa hivi ni marehemu."

Trevor alitia saini kurasa zote, kisha akamshika Verna mkono kwa mikono yake miwili. Siku mbili kabla ya ndege yake alizunguka Barabara ya Kumi na Moja nyumba kwa nyumba, na inasemekana alikunywa chai kumi na moja siku moja.

Ilhaam alihamia mwezi wa Juni, mvua za Cape Town zikipiga. Alikuwa na mapacha wa miaka minne wenye kalamu za rangi, na ukuta wa simu hakuweza kuulinda. Aliwaambia wazee mapema. Wakaja Jumamosi moja na madaftari, wakanakili walichotaka, wakapiga picha, na Jumapili mumewe akapaka rangi. Kuna waliosikitika. Anti Gairo alisema ukuta ni ukuta, na akaomba ile rangi iliyobaki kwa ajili ya geti lake.

Agosti, asubuhi ya baridi, simu ya Verna ililia. Ilikuwa Anko Reggie. Magoti yalikuwa yamemshinda, na bintiye wa Worcester alimtengea chumba.

"Siuzi," alisema. "Ila njoo uiangalie."

Verna alifika na fomu zake. Anko Reggie alikuwa ameshaandaa chai, na gereji ameifagia. Alimketisha mezani jikoni, akakataa kutazama fomu.

"Unajua hii meza iliingiaje humu? Haipiti mlangoni, jaribu upime. Mwaka hamsini na nane marehemu mke wangu aliipenda dukani, ikabidi tubomoe dirisha. Mtaa mzima ulikuja kushika. Mvua inanyesha. Sybil ndiye aliyekuwa akitoa amri..."

Verna aliufungua mkoba wake, akazirudisha fomu ndani. Akavuta kikombe karibu.

"Dirisha gani, Anko?" aliuliza. "Hili?"